Omba Jina, Usiombe Kazi

"Wewe si mgonjwa," mwanamke alisema, akaketi bila kukaribishwa kwenye benchi la wagonjwa wa nje na kuupakata mkoba wake mkubwa kama mtoto.

Aliyeambiwa hivyo alishtuka. Kwa wiki sita alikuwa akikaa kwenye benchi lile kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, shati limepigwa pasi, kopo la chakula miguuni, na hakuna aliyemuuliza lolote. Hospitali zina sifa hiyo: mtu akikaa kimya anadhaniwa anaumwa. Alikuwa ameshapimwa presha mara tatu na uzito mara mbili, na siku moja, kwa haya ya kukataa, alimeza dawa ya minyoo.

"Namsubiri ndugu yangu," alisema.

"Jumanne iliyopita pia ulikuwa unamsubiri. Huyo ndugu amelazwa au ameajiriwa humu?" Mwanamke alilitazama kopo. "Mgonjwa haji na chakula cha mchana, kaka. Mwenye chakula cha mchana ana kazi, au alikuwa nayo."

Ukweli ulikuwa huo wa pili. Kwa miaka kumi na minane bwana huyu alikuwa mkuu wa stoo katika kiwanda cha vigae, mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake wakamwita Stoo. Kisha kiwanda kikapunguza watu. Stoo akapewa barua, akapewa mkono, akapewa na saa ya ukutani, ambayo aliona aibu kurudi nayo nyumbani akamwachia mlinzi. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kiwanda, na barua ilisema wazi kwamba funguo zirudishwe mwisho wa mwezi uliofuata. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Hakumwambia mtu. Hata mkewe hakumwambia. Kila asubuhi alimuaga, "Haya, naenda kazini," akachukua kopo lake, akaenda kuumwa.

Usimcheke bado. Alikuwa anaogopa, na sababu alikuwa nayo. Wenye nyumba siku hizi hawapangishi sura. Wanataka barua ya mwajiri. Bila kazi hakuna barua, na bila barua hakuna nyumba. Mkewe na watoto wawili wangerudi kwa mama mkwe, naye angekwenda kulala kwenye kochi la mdogo wake, na mtu akishalala kwenye kochi la ndugu yake, hata paka wa nyumba hiyo humpanda kichwani.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Mimi natafutia watu kazi. Niite Mshauri. Usishike mfuko, mtafuta kazi simtozi kitu. Wananilipa waajiri, tena kwa mbinde." Akavuta mkoba karibu. "Mimi huja hapa kila Jumanne kwa sababu watu wanaosubiri husema. Tangu asubuhi nimeshajua dereva wa kampuni gani ameacha kazi na mhasibu wa wapi anahama mji. Wewe peke yako ndiye hujasema. Mficha uchi hazai, kaka. Inuka twende."

Stoo akainuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki sita mtu kumwambia aende mahali.

*

Ofisi ya Mshauri ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la miwani. Mlikuwa na meza, viti viwili, feni iliyokuwa ikitikisa kichwa kama inayokataa kila kinachosemwa, na ukutani karatasi kubwa iliyobandikwa kwa gundi. Hakukuwa na tangazo la kazi hata moja.

"Matangazo yako wapi?" Stoo aliuliza.

"Tangazo likifika gazetini, kazi imeshapata mwenyewe. Kazi huanza kwa mtu kumnong'oneza mtu." Akamsukumia karatasi. "Niandikie watu thelathini unaowajua. Wote. Kinyozi, fundi viatu, shemeji, adui. Na familia yako juu hapo."

Stoo akaandika, ulimi nje. Ishirini na wawili walikuwa wa kiwandani, nao walikuwa wamepunguzwa kama yeye. Wanane waliobaki walikuwa watu waliowahi kuiletea stoo yake bidhaa. Juu, penye familia, aliandika: mke mmoja, mama wa nyumbani. Mshauri alisoma, akainua nyusi moja.

"Mkeo hafanyi kitu?"

"Anasuka mashoga zake wawili watatu. Kupoteza muda tu."

Nyusi ikashuka, lakini si yote.

"Sasa sikiliza," Mshauri alisema. "Utakwenda kwa hawa wanane. Usiombe kazi hata kidogo. Mtu akiombwa kazi anashika mfuko. Akiombwa jina anashika kidevu, anafikiri. Sema umetoka kiwandani, unataka ushauri, na ungependa jina la mtu mmoja, mmoja tu, anayejua watu. Ukipewa, shukuru, ondoka kabla hujakaribishwa chai. Umeelewa?"

"Nisiombe kazi."

"Omba jina."

*

Wa kwanza alikuwa mwuza maboksi. Enzi za Stoo, mtu huyu alikuwa akisubiri saa nzima nje ya mlango wa stoo kofia mkononi. Leo alimwacha Stoo asimame mlangoni huku yeye akizungumza na simu ambayo, ukiangalia vizuri, ilikuwa imezimika. Alipochoka kuzungumza peke yake alisema, "Kazi hakuna, mzee."

"Sikuombi kazi. Naomba jina."

Mwuza maboksi akatulia. Kidevu kikashikwa. "Jina? Mke wangu husema kuna msusi mmoja anaitwa Vidole. Huyo anajua watu wote. Aliyempatia mdogo wangu kazi ya udereva ni yeye, wala mimi sijawahi kumwona."

Stoo akaandika: Vidole. Akashukuru, akaondoka kabla ya chai, ingawa chai haikuwa na dalili ya kuja.

Wa pili, mwenye duka la kamba na plastiki, alimkaribisha vizuri, akamkalisha, kisha akamuuliza mbele ya wafanyakazi wake kama ni kweli aliiba. "Sikuiba, walipunguza watu," Stoo alisema, masikio yakiwaka. Mwenye kamba akajuta, akakuna kichwa, akasema jina aliloweza kumpa ni la msusi, Vidole sijui nani. Wa tatu, wa rangi, alisema Vidole. Wa nne alikuwa dereva wa lori. Huyu alimtazama Stoo muda mrefu, akaanza kucheka peke yake, akajifunika uso kwa kofia.

"Vidole," alisema ndani ya kofia. "Ukitaka nikuelekeze, pita tangi la maji, shika kushoto, geti la tatu la kijani. Ukisikia kicheko, umefika." Stoo akayaandika maelekezo neno kwa neno kama hati ya mzigo, bila kuyafikiria.

Msomaji, wewe umeshajua, na dereva alijua, na mke wa dereva ndiye aliyemwambia. Stoo peke yake ndiye hakujua. Usimshangae sana. Kwa miaka kumi na minane alitoka nyumbani kabla ya saa moja asubuhi, Jumamosi pia, na kurudi saa kumi na mbili jioni. Kiwanda kilikataza biashara katika nyumba zake, na katazo hilo lilisainiwa na kamati, na katibu wa kamati alikuwa Stoo. Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja na nusu mkewe alikunja viti, akafagia unywele wa mwisho, akamwaga maji, akakaa barazani akichambua mchele kama mama wa nyumbani. Baraza moja, wake wawili, na mume alikuwa akimjua mmoja.

*

Ijumaa, Mshauri alisimama mbele ya ile karatasi ya ukutani, kalamu mkononi. Alikuwa amechora kila mtu duara lake na mshale kuelekea jina alilolitaja. Mishale minane ilikuwa imeelekea mahali pamoja.

"Huyu Vidole ni nani?" alisema, akikaribia kukasirika. "Miaka tisa nafanya kazi hii. Nawajua makarani, nawajua mapadri, nawajua wakata tiketi. Huyu simjui! Ni aibu. Tunakwenda sasa hivi."

Wakashuka ngazi. Mshauri alitembea mbele kwa kasi, mkoba ukimpiga nyonga. Walipofika kwenye tangi la maji, Stoo akasema, "Njia hii naijua."

"Vizuri."

Walipokata kushoto akasema, "Hizi ni nyumba za kiwanda. Mimi nakaa huku."

"Basi ni jirani yako! Umekaa na hazina mlango wa pili unakwenda kumeza dawa za minyoo!"

Geti la kwanza lilikuwa jeupe. La pili lilikuwa na kutu. Miguu ya Stoo ikaanza kwenda polepole, kwa kuwa miguu hujua nyumbani kabla ya kichwa. Mbele ya geti la tatu, la kijani, alilolipaka rangi yeye mwenyewe, kilisikika kicheko cha wanawake saba kwa pamoja.

"Tumefika," Mshauri alisema, akasukuma geti.

Baraza lilijaa. Viti vya plastiki, mabeseni, mafungu ya nywele bandia yakining'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo, wanawake saba katika hatua mbalimbali za kusukwa, na katikati yao mke wa Stoo, kitana mdomoni, vidole vikienda kasi kichwani kwa mwanamke mnene aliyevaa pete nyingi. Aliinua macho. Kitana kikaanguka.

Saa nne asubuhi, siku ya kazi, mume wa mtu amesimama getini na mwanamke mgeni. Kila aliyekuwa pale alipata wazo lake, na mmoja alisogeza kiti apate kuona vizuri.

"Mama Watoto," Stoo alisema. "Kumbe Vidole ni wewe."

"Na anayezunguka mji mzima akiulizia Vidole kumbe ni wewe," mkewe alisema. "Nimeambiwa tangu juzi. Nikasema hapana, wangu yuko kazini."

Hapo Stoo angeweza kudanganya tena. Uongo ulimjia mdomoni, tena mzuri: ametumwa na kiwanda, amepewa ruhusa ya nusu siku. Lakini Mshauri alimkoholea mgongoni. Stoo akaushika mlango wa geti, akasema kwa sauti iliyotoka nyembamba kuliko alivyotaka, "Sina kazi. Nimeachishwa. Wiki sita sasa."

Wanawake wakatazama kucha zao.

"Tunajua, shemeji," walisema, karibu kwa pamoja.

"Mnajua?"

"Mimi ndiye niliyekupima presha," alisema mmoja aliyesukwa nusu. Ndiyo kwanza Stoo alimtambua nesi bila kofia yake. "Ilikuwa juu kidogo, nikamwambia mkeo akupunguzie chumvi."

"Ndiyo maana chakula hakina ladha!" Stoo aliropoka, na baraza zima likalipuka. Mshauri alicheka mpaka akakaa juu ya beseni. Mwenye pete nyingi alicheka akishikilia kichwa chake ili msuko usifumuke.

Mke wa Stoo hakucheka. Alikuwa ameinama kuokota kitana, na alipoinuka macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nilijua siku ya pili," alisema, na kicheko kikafa chenyewe. "Kila asubuhi unaniaga unakwenda kazini, na mimi nakufungia chakula. Nililia siku ya pili, nikalia ya tatu. Ya nne nikaona machozi hayapangishi nyumba. Nimeshapata vyumba viwili na baraza, nyuma ya soko. Mwenyewe anataka barua ya mwajiri tu. Na jina la kazi ninalo, leo wiki ya tano."

"Wiki ya tano! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mtu kila asubuhi anaaga anakwenda kazini. Nitamtafutiaje kazi mtu mwenye kazi?"

Mwenye pete nyingi aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Jina lenyewe ni mimi," alisema yule mwenye pete. Alikuwa na kiwanda cha mikate, na unga wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa ukiingia magunia na kutoka vumbi. "Stoo imenishinda. Nilimwambia Vidole, niletee mumeo. Akasema tusubiri aseme mwenyewe. Nikasubiri wiki nne, shemeji. Lakini unga hausubiri." Akashusha sauti. "Jumatatu nimeajiri."

Jumatatu ilikuwa siku nne tu zilizopita. Stoo akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akachuchumaa pale pale getini. Siku arobaini alikuwa akiilinda heshima yake kwenye benchi la wagonjwa, na siku hizo zote kazi ilikuwa imekaa barazani kwake ikisukwa. Aliona aibu ambayo haikuwa na pa kujificha tena, maana kila aliyemficha alikuwa pale anamtazama. Nesi alimtazama kwa jicho la kupima presha.

Mkewe alikuwa amekwisharudi nyuma ya kiti. Vidole vilianza tena kazi, polepole, na kwa waliomjua hiyo ilikuwa dalili kwamba anafikiri.

"Huyo uliyemwajiri," alimwuliza mwenye mikate, "umemtoa wapi?"

"Kwa wale wa kiwanda cha madaftari. Alikuwa msaidizi wa stoo yao."

Vidole vikasimama. Mshauri akaruka kutoka kwenye beseni.

"Basi kuna kiti!" alipiga kelele. "Aliyekaa hapa ameinuka pale! Jamani, kuna kiti kitupu!"

Ndipo simu zilipotoka. Zilitoka kwenye mikoba, kwenye vifua, chini ya mataulo. Mwenye mikate alimpigia mfanyakazi wake mpya, akathibitisha kwamba kiti hakijakaliwa. Nesi alimjua mama wa meneja wa madaftari, kwa sababu ya goti. Mwingine alimjua katibu wa meneja, kwa sababu ya kichwa, maana katibu naye husukwa pale Jumamosi. Mshauri alizunguka katikati yao, kalamu mkononi, akiandika mpaka kwenye kiganja, akiuliza "Nani? Rudia! Wa wapi?" kwa furaha ya mtoto aliyefunguliwa bomba. Kabla maji ya kuchovyea nywele hayajapoa walikuwa wameshajua yote: tangazo lilikuwa lipelekwe gazetini Jumatatu, meneja ni kijana asiyependa maneno mengi, na angemwona Stoo kesho yake saa moja na nusu asubuhi, ingawa ni Jumamosi.

"Dada," Mshauri alimwambia Vidole, akihema, "njoo ofisini kwangu tufanye kazi pamoja. Nina meza, nina feni."

"Ofisi ninayo," Vidole alisema, akaonyesha kiti. "Njoo wewe. Lakini ukija, usukwe."

Kisha akamgeukia mwenye mikate na kuvuta msuko uliofuata kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Mwenye mikate alijua kosa lake, akavumilia.

*

Meneja wa madaftari alikuwa kijana kweli. Hakumkaribisha kiti, alimpeleka moja kwa moja stoo, akasimama mikono mfukoni. Stoo aliyaangalia mafurushi ya karatasi yaliyopangwa hadi karibu na dari. Akainama, akapitisha kiganja chini ya furushi la mwisho.

"Karatasi zenu zinalala sakafuni," alisema. "Saruji inatoa unyevu. Haya ya chini yote yameshajikunja. Wekeni mbao chini, na acheni upenyo ukutani, mtu apite na tochi."

"Kila mwezi tunatupa," meneja alikiri. "Wiki sita zilizopita ulikuwa wapi?"

"Hospitali."

"Ulikuwa unaumwa?"

Stoo alifikiri. "Hapana. Nilikuwa naona aibu."

Meneja alimtazama, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nafasi ni ya msaidizi, mzee. Mkuu wa stoo ni yule pale." Yule pale alikuwa msichana aliyevaa viatu vya mpira, kalamu sikioni. Stoo alipoanza kazi ya stoo, huyu huenda alikuwa ananyonya. Msichana alimpungia mkono na kusema, "Shikamoo, baba, ukimaliza uje unionyeshe hizo mbao." Stoo, mkuu wa miaka kumi na minane, akakunja mikono ya shati.

"Marahaba, bosi," alisema.

Barua ilipigwa chapa na katibu, ikagongwa mhuri, ikatiwa kwenye bahasha. Katibu alimkabidhi kwa mikono miwili, macho yakimcheka. Huyu, kama ulivyoambiwa, ni wa Jumamosi.

Stoo akatoka na bahasha yake. Alitaka jambo moja tu duniani: kumwambia mkewe. Wiki sita alikuwa na neno la kumwambia akalificha. Leo alikuwa na neno jingine, na hili alitaka litoke kinywani mwake, lifike sikioni mwa mkewe, lisipite kwa mtu.

Fundi viatu wa pembeni mwa barabara aliinua nyundo. "Hongera, Stoo!"

"Hongera ya nini? Sijasema kitu!"

Mbele kidogo dereva wa lori akapiga honi, akachungulia dirishani. "Madaftari, eh? Safi sana!"

"Nani kakwambia?" Stoo alifoka, na hapo akaanza kukimbia. Mtu mzima, shati limepigwa pasi, bahasha kifuani, alikimbia akishindana na habari yake mwenyewe. Kwenye tangi la maji watoto wawili walimpongeza. Kwenye geti lenye kutu bibi mmoja alimwombea baraka. Kila aliyempongeza alimzidishia mbio.

Alipofika kwenye geti la kijani alisikia kicheko, kisha sauti ikasema, "Shh! Anakuja!"

Akaingia. Wanawake wa Jumamosi walikuwa wakitazama dari. Mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo na mabega yakimtikisika. Mkewe alikuwa ameinamia kichwa cha mteja, akichana nywele ambazo zilikuwa zimekwisha kuchanwa.

"Umerudi mapema, Baba Watoto," alisema bila kuinua uso. "Kuna habari gani huko?"

Stoo alisimama akihema. Aliwatazama wale wanawake, akalitazama taulo. Alijua kwamba mkewe anajua. Alijua pia kwamba asiposema atasubiriwa hapo mpaka jioni, na kesho, na wiki nyingine sita kama ni lazima.

"Mke wangu," alisema, "nimepata kazi."

"Ati nini?"

"Nimepata kazi. Stoo ya madaftari. Ni msaidizi tu, na bosi wangu ni msichana mdogo, na nilitaka ujue wewe kwanza. Barua hii hapa."

"Weee! Sema kweli!"

Akatupa kitana, akapiga kigelegele kirefu, na baraza zima likamdakia kwa nguvu kiasi kwamba geti lilitetemeka. Alimkumbatia mumewe mbele za watu, mikono imejaa mafuta ya nywele, akilia na kucheka kwa pamoja. Habari ile ilikuwa imemfikia mara nne asubuhi hiyo. Hii ya tano ndiyo aliyokuwa akiisubiri.